CML: dawa ipo, hatari ni siku unazoruka

Bandama ikivimba, wengi wetu huku Afrika Mashariki tunafikiria malaria ya muda mrefu, kichocho au selimundu, na mara nyingi tunakuwa sahihi. Lakini mtu mzima anayehisi uzito chini ya mbavu za kushoto, anayeshiba kwa matonge machache, anayeloa jasho usiku na kupungua kilo bila sababu, apimwe FBP, yaani hesabu kamili ya chembe za damu, kabla ya kupewa dozi nyingine ya malaria. Kwenye karatasi ya majibu, chembe nyeupe za mtu mwenye afya huwa kati ya 4 na 11 hivi. Mwenye CML, saratani ya damu inayozidisha chembe nyeupe, anaweza kukutwa na 80, 150, hata zaidi ya 300, na ni nadra maambukizi ya kawaida kuzifikisha huko. Kwa mwanamume, uume kusimama kwa maumivu kwa saa kadhaa bila hamu ni dalili nyingine inayoweza kutokea, maana damu imejaa chembe na inapita kwa shida. Hiyo ni dharura ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Saratani za damu ni nyingi na hazifanani. Lukemia kali huweza kuua ndani ya wiki chache isipotibiwa, limfoma huanzia kwenye tezi, mayeloma hula mifupa. CML ni lukemia sugu, na ndiyo ninayoiandikia hapa kwa sababu ina dawa ya kumeza nyumbani, halafu bado tunapoteza watu ambao wangeweza kuzeeka.

Chanzo chake kinajulikana kuliko cha saratani nyingi. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kilichotokea: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana mahali. Palipoungwa, jeni mbili zimekuwa moja, BCR-ABL, nayo inatengeneza protini inayouamrisha uboho uzae chembe nyeupe bila kupumzika. Hitilafu hii hutokea kwenye chembe moja ya uboho, mtu akiwa tayari amezaliwa. Hairithiwi na haiambukizi. Ndugu wasiogope kula naye wala kulala chumba kimoja, na familia isianze kutafuta aliyeroga.

FBP inaleta shaka tu. Uthibitisho ni kuiona BCR-ABL yenyewe, na bila hiyo mtu asianzishiwe dawa ya maisha. Siku hiyohiyo daktari apime bandama imeshuka sentimita ngapi chini ya mbavu na aandike kwenye faili. Namba hiyo hutumika, pamoja na umri, chembe sahani (zinazogandisha damu) na asilimia ya chembe changa, kukadiria ukali wa ugonjwa, na dawa ikishaanza bandama hunywea, kwa hiyo nafasi ya kuipima haijirudii.

Wakati majibu yanasubiriwa, wengi hupewa hydroxyurea. Inashusha chembe nyeupe haraka, bandama inalegea, mgonjwa anarudi shambani. Hapo ndipo wengine hupotea. Hydroxyurea inapunguza hesabu lakini haiigusi BCR-ABL. Chini kwa chini ugonjwa unaendelea, na siku moja uboho hujaa chembe changa, hali inayofanana na lukemia kali na ngumu sana kuitibu. Aliyekaa miezi kwa hydroxyurea peke yake aulize waziwazi: kipimo changu cha BCR-ABL kiko wapi?

Dawa yenyewe ni imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na kuingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Inaiziba protini ya BCR-ABL mahali inapopatia nguvu. Kwa hatua ya sugu, yaani kabla uboho haujajaa chembe changa, dozi ya mtu mzima ni miligramu 400 mara moja kwa siku. Imezwe katikati ya mlo au mara baada ya kula, kwa glasi kubwa ya maji, kwa sababu inachoma tumbo. Ukiimeza asubuhi kwa chai kavu utatapika, kisha utaichukia dawa badala ya chai kavu. Wengi huvumilia vizuri zaidi wakiimeza na mlo mkubwa kuliko yote wa siku. Kwa kuwa ni mara moja tu, mwezi wa Ramadhani inaweza kuhamia kwenye futari, tumbo likiwa na chakula na maji ya kutosha. Mweleze daktari mapema ili mhamishe saa bila kuacha siku.

Madhara mengi ya mwanzo hupungua. Macho huvimba asubuhi, misuli ya miguu hukaza usiku, tumbo huharisha. Punguza chumvi, jipime uzito kila wiki, na ukiongezeka kilo mbili au tatu ndani ya siku chache nenda kliniki, kwani mwili unahifadhi maji. Jambo moja husemwa mara chache: imatinib inaweza kung'arisha ngozi nyeusi. Kuna wanaosemwa mtaani kwamba wanapaka mkorogo, kumbe ni kidonge. Waelezwe kabla halijatokea, maana aibu hiyo inatosha kumfanya mtu aache dawa.

Mwezi wa kwanza FBP hupimwa kila wiki, wa pili kila wiki mbili, baadaye kila miezi miwili au mitatu. Nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, zikishuka chini ya 1.0 au chembe sahani chini ya 50, daktari husimamisha dawa mpaka zipande, kwa kawaida 1.5 na 75, kisha anairudisha. Huo ni uamuzi wa kliniki. Mgonjwa asijisimamishie mwenyewe, wala asijipunguzie vidonge ili vifike mwisho wa mwezi.

Nalisisitiza hili kwa sababu hesabu yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliokuwa wakitumia imatinib kwa miaka. Waliomeza asilimia 90 au pungufu ya dozi zao wachache tu walifikia kiwango kizuri cha kushuka kwa ugonjwa; kwa waliozidi asilimia 90, wengi sana walifikia. Katika siku 30, asilimia 10 ni siku tatu. Safari ya msibani bila dawa inatosha kuzimaliza. Basi weka vidonge vya siku tano kwenye begi la safari muda wote, na rudi kliniki vikiwa vimebaki vya wiki moja, si siku vimeisha. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Ikiwa saa ya dozi ya kesho imekaribia, iache. Usimeze mbili pamoja.

Dawa nyingine nazo huiharibu. Rifampicin ya kifua kikuu huifanya ini iivunje imatinib haraka mno, kiasi chake kwenye damu kikaanguka kwa zaidi ya nusu. Phenytoin na carbamazepine za kifafa hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenz, pia. Kinyume chake, erythromycin, clarithromycin, ketoconazole na tunda la balungi huipandisha na kuongeza madhara. Kila unapoandikiwa dawa mpya, hata duka la dawa la mtaani, taja imatinib kwanza. Mizizi na unga wa miti shamba nao uutaje bila woga. Daktari anayekukaripia kwa kusema ukweli anakufundisha kuficha.

Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni PCR ya BCR-ABL, kinachoonyesha kiasi cha BCR-ABL kilichobaki kwenye damu, kila miezi mitatu mwanzoni. Inatakiwa isizidi asilimia 10 ifikapo miezi mitatu, 1 ifikapo miezi sita, na 0.1 ifikapo mwaka mmoja. Mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu, huweza kuifanya ikiwekewa katriji yake, kwa hiyo ulizia hata kama hospitali haina maabara kubwa ya jeni. Damu huchukuliwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau na ifike maabara mapema, kwani kinachopimwa huoza. Maabara iwe moja kila mara na majibu yawe kwenye kipimo cha kimataifa, la sivyo utalinganisha namba zisizolingana. Majibu yakigoma kushuka, swali la kwanza ni vidonge vilivyorukwa na dawa zilizochanganywa. Vikiwa sawa, ndipo wanahamia dawa nyingine za kuiziba BCR-ABL, dasatinib au nilotinib. Nilotinib humezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena, kinyume kabisa na imatinib. Anayebadilishiwa afundishwe upya.

Mwanamke anayetumia imatinib atumie uzazi wa mpango wa uhakika, na asinyonyeshe, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto. Akitaka kuzaa, aseme mwaka mmoja au miwili kabla, si baada ya siku kukosekana. PCR yake ikiwa imekaa chini sana kwa muda mrefu, daktari anaweza kuisimamisha dawa kwa mpango, akimpima PCR kila mwezi. Hata kwa walio bora hivyo, karibu nusu ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi sita ya kwanza. Ukionekana mapema na dawa ikarudishwa mara moja, kwa wengi hushuka tena. Mahali ambapo PCR ya kila mwezi haipatikani, dawa isisimamishwe.