Siku moja maishani mwangu: karani wa wakili na taa za vifuu

Saa 11 alfajiri nishaamka, naswali, chai na boflo la jana, natoka. Daladala ya Fuoni ukiichelewa unasimama kama nguzo mpaka Darajani, mie siwezi.

Saa 2 niko ofisini Mji Mkongwe. Kazi yangu kwa wakili ni kuandaa mafaili ya usajili, nembo za biashara ndo nyingi, dizaini za bidhaa moja moja sana maana watu hawajui hata kama zinasajiliwa, yaani lile umbo la kitu linavyoonekana kwa macho, mistari yake, rangi yake, sio kazi inayofanya. Na Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya mali za viwandani, Namba 4 ya 2008, mambo haya hayamo kwenye Muungano, kwahiyo ukisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara huko bara, huku bado, inabidi uende BPRA, wakala wa usajili wa hapa Zanzibar.

Saa 3 na nusu kaja mzee seremala na picha ya mlango, njumu za shaba, mfaa, ule mti wa katikati, umechongwa, minyororo na mayungiyungi pembeni. Anataka asajili asije mtu mwengine akauchonga. Nikamwambia ami, mlango mzuri mashaallah, ila nakshi hizi mababu walishazichonga, dizaini lazima iwe mpya, labda tutafute ulichoongeza wewe. Akacheka, "kwahiyo babu ndo kanidhulumu?" Akaondoka zake.

Saa 5. Huyu ndo kaniumiza. Kijana anatengeneza taa za vifuu vya nazi, anavitoboa matundu madogo madogo kwa drili, ukiwasha usiku ukuta mzima nyota tupu. Kauzia mahoteli Nungwi miaka 2 na picha ziko Instagram tangu siku ya kwanza, leo kuna duka linauza za plastiki umbo lile lile ndo anakumbuka kusajili. Mdogo wangu, ishatoka hadharani siku nyingi, upya uko wapi tena? Hakimiliki labda itamsaidia, hiyo haingoji usajili, wakili ataangalia. Kimya. Halafu akavuta mfuko mwengine akatoa taa ya pili, vifuu 3 vimepachikwa kama mashua na tanga lake. "Hii hajaiona mtu."

Wali na changu, mbio mbio.

Saa 8 tunapiga picha. Yeye kaitandikia kanga ya maua, nikaitoa nikaweka shuka jeupe, inatakiwa ionekane taa tu. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini. Ya chini tulirudia mara 5, waya unaning'inia kama mkia wa panya. Nikamweleza ikisajiliwa ulinzi ni miaka 5, unahuisha mara 2, jumla 15, na asimuonyeshe mtu mpaka faili liingie kesho asubuhi. Kaapa wallahi.

Saa 3 usiku nimejilaza na simu, napitia status za WhatsApp, naiona taa ya mashua, imewashwa, inang'ara, chini kaandika "mzigo mpya jamani oda zinapokelewa". Nikampigia hapo hapo, futa! Ati "dada si status tu, kesho inaondoka yenyewe".

Nimeweka alamu saa 10.