Wanangu, Mna Kitoweo?

Somo: Yohana 21:1-14

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumanne alfajiri jirani yangu hapa Pangani alipotoka msikitini alinigongea dirisha. "Mwalimu, umande unavuma, twende." Umande ule wa kutoka bara ndio unaomtoa mvuvi nje bila jasho, na ukishakatika jua likipanda, ni kafi na mikono yako.

Ngalawa ilivuka mlango wa mto bado giza. Hifadhi ya Maziwe tuliiacha mbali, tukatia nanga pale nahodha alipoona minazi miwili ya pwani imekaa sawasawa na kilima cha nyuma yake. Chambo ngisi. Saa nzima mishipi ililala tu majini, naye hakusema neno. Halafu wa kwangu ukakaza ghafla, ukanichana kidole cha shahada, akapanda changu mwekundu wa kujaa mikono miwili. Kuanzia hapo hatukupumzika: changu, chewa, kolekole wawili, mpaka gunia bichi la kuwafunikia likawa halitoshi.

Pwani wachuuzi walikuwa wameshatuzunguka. Kabla ya mnada, nahodha aliinama akatoa samaki kadhaa akawaweka kando mchangani: wa nyumbani kwake, wa kwangu, wa vijana waliotusaidia kuvuta chombo, na mmoja wa mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa baharia wake. Mchuuzi mmoja akamwonyesha kidole yule mkubwa, akataja bei nzuri. "Huyo hauzwi, mwanangu. Ni kitoweo."

Neno hilo nimelibeba wiki nzima. Kila niliposoma sura hii nilikimbilia samaki 153 na jarife lisilopasuka, nikiruka swali lililotangulia: "Wanangu, mna kitoweo?" Watafsiri wetu walilenga hasa, maana hata neno la Kigiriki lililopo pale ni kitu cha kulia mkate. Ni swali la jikoni. Wanaume saba wamekesha bure, na Bwana aliyefufuka anawauliza watakula na nini asubuhi hii.

Nao wakajibu, "La." Naupenda ufupi wa jibu hilo. Hawakujitetea, hawakumsingizia mwezi wala upepo. Na kumbukeni kulikuwa kumekucha. Nyavu za wakati ule za kitani zilitegwa usiku, kwa sababu mchana samaki huziona. Kwa hiyo waliambiwa watupe tena saa ambayo mvuvi yeyote anakunja nyavu. Wewe ambaye wiki hii umemaliza usiku wako mikono mitupu, usione haya kusema "La" kama wao. Mwambie hivyohivyo.

Lakini angalieni ufuoni. Walipofika, moto wa makaa ulikuwa umeshawaka, na juu yake samaki, na mkate upo. Yeye aliyeuliza kitoweo alikuwa nacho tayari! Hakuwa na haja na samaki wao hata mmoja, ila akasema, "Leteni hapa baadhi ya samaki mliowavua sasa hivi." Akaviweka pamoja, cha kwake na cha kwao, akawaita: "Njoni mfungue kinywa." Hapo mnada haujafanyika. Naamini mezani pake ndipo mahali pa kwanza pa kila tunachopata, mshahara, mavuno, hata faida ndogo ya genge, na mezani pake huwa hatuketi peke yetu.

Samaki wa mjane nilitumwa mimi kumpelekea. Nilipiga hodi mlango wa uani, nikamkuta juu ya mbuzi, kifuu mkononi, anakuna nazi. Sufuria ilikuwa jikoni, nyanya zimeshakatwa. Alikuwa ameliona tanga likiingia mtoni.

"Karibu, mwanangu," akasema, akanyoosha mkono kupokea. "Mweke hapo kwenye ungo."