Ndiyo maana nini?

Mpwa wangu Rashid alisema "Basi ndiyo maana," akageukia ukutani akalala. Leo ni siku ya tano na bado nayatafuna maneno hayo.

Mnajua Rashid yuko kwangu tangu shule zifungwe, na mnajua namwita Baba kwa sababu jina ni la marehemu baba. Jioni tunasoma The Kane Chronicles ya Rick Riordan, vitabu 3 vya ndugu wawili, Carter na Sadie, na miungu ya Misri ya kale iliyotoroka kifungoni. Tumefika cha pili. Kiingereza chake bado kinachechemea, kwa hiyo mimi nasoma, nasimama, nafasiri, yeye anasahihisha tafsiri. Nilipomwambia Duat, ule ulimwengu wa miungu na roho humo kitabuni, ni kuzimu, alikataa. "Kuzimu ni kwa wafu, Shangazi. Huku hata walio hai wanapita." Haya, Duat ikabaki Duat.

Najua kilichomnasa. Mama yao Carter na Sadie alipofariki, ndugu walitenganishwa: Carter akawa anazunguka dunia na baba yake, Sadie akabaki London kwa babu na bibi, wakawa wanaonana siku 2 tu kwa mwaka. Tulipofika hapo Baba aliuliza, "Siku mbili tu?" kisha hakusema neno hadi mwisho wa sura. Dada yake yuko Mwanza. Wa siku nyingi humu mnajua kwa nini, sirudii.

Ila tumecheka pia. Kuna nyani anaitwa Khufu ambaye hali chakula kama jina lake haliishii na herufi o. Basi tukamfungulia Khufu mgahawa wa Kiswahili. Muhogo anakula, korosho anakula, tango, limao, sawa. Wali hapana, ugali hapana, samaki hapana. Jumatatu mwenzangu akasukuma sahani ya mchicha, eti hauishii na o. Nikamwambia hata mwiko unaishia na o, achague. Mchicha uliisha.

Mama yangu, kwenye simu, hakucheka. "Yaani mtoto anakwenda kulala na habari za Firauni kichwani?" Nikasema ni hadithi tu, Mama. "Na Firauni naye alidhani ni mchezo," akasema, akaniulizia bei ya nazi.

Kosa langu lilikuwa kujifanya mjuaji. Kitabu cha kwanza kinaanza na baba yao akilipua lile jiwe la Rosetta ndani ya British Museum, mkesha wa Krismasi, na miungu 5 inatoka. Nikamwambia Baba kwamba Rosetta ni namna Wazungu walivyolitamka jina la mji wa Rashid, kule mto Nile unakoingia baharini, na kwamba askari wa Kifaransa walilikuta jiwe karibu na hapo mwaka 1799. Alikodoa macho. "Kwa hiyo ni jiwe la Rashid?" Nikamwambia kwa Kiarabu ndivyo hasa linavyoitwa, Hajar Rashid. Siku nzima alitembea humu ndani kama mwenye nyumba. Nilipoongeza kwamba Champollion, yule Mfaransa aliyeufumbua mwandiko wa Misri ya kale uliochongwa kwenye jiwe hilo mwaka 1822, alipata mlango kupitia majina, kwa sababu jina la mfalme lilikuwa linazungushiwa duara kama la kamba, alichukua risiti yangu ya LUKU akachora jina lake ndani ya duara. Iko kwenye friji hadi sasa. Namba za umeme ziko nyuma yake, na bado sijaziingiza.

Jumapili usiku tukafika kwenye nyoka mwenye vichwa viwili, kimoja kikiwa mkiani. Carter amepata sumu yake, na Sadie hawezi kumponya bila kulijua jina lake la siri, ren. Hapo nikafunga kitabu ili nimsimulie kisa cha kale chenyewe: jinsi Isis, mungu wa kike wa uchawi, alivyochukua mate ya Ra mzee, mungu wa jua, akayakanda na udongo akaumba nyoka, nyoka akamng'ata Ra. Ra anaungua, anaomba dawa, Isis anasema nitajie jina lako. Anamtajia mengi: asubuhi mimi ni Khepri, adhuhuri ni Ra, jioni ni Atum. Isis anamwambia lenyewe hujalitaja. Mwisho analitoa.

Baba akatulia. Kisha:

"Kwa hiyo kila mtu analo?"

"Wao waliamini hivyo."

"Na wewe?"

"Mimi naitwa Shangazi."

"La siri."

"Sina, Baba."

"Basi ndiyo maana."

Ndiyo maana nini? Ndiyo maana nyumba hii ina kiti kimoja cha kulia kinachotumika? Ndiyo maana yule bwana (mnamkumbuka, wa kile kisa cha sanduku) aliondoka bila hata kugombana? Nimeyarudia kwa sauti zote. Kwa sauti ya huruma yanauma, kwa sauti ya kawaida yanauma zaidi. Na kwa vile anayesema ana jina la baba yangu, mara nyingine usiku nayasikia kwa sauti ile nyingine, nzito, ya mtu aliyekuwa akisema jambo mara moja tu. Jumatano walinitangaza mkuu wa kitengo, ndiyo, ile nafasi niliyowachosha nayo humu miaka miwili, watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikijiuliza kama mtoto alisema "basi" au nimeiongeza mwenyewe.

Jana nikampigia Mama. Sikuzunguka. "Niliwahi kuitwa jina jingine?"

Kimya. Nikasikia anapunguza redio.

"Nani kakwambia?"

Basi. Eti nilipozaliwa nililia wiki tatu. Mchana nalala vizuri, ikiingia magharibi naanza, hadi majirani wakawa wanabisha hodi kuuliza kulikoni. Dawa za chango hazikufaa. Bibi mzaa baba akasema mtoto huyu analilia jina, wakaanza kuniitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mimi nalia tu. Walipofika kwa dada yake marehemu baba yangu, yule aliyefariki akiwa msichana, nikanyamaza. Nikanyonya, nikalala hadi alfajiri.

"Mbona sasa hamkuniita hilo?"

"Tulikuita. Mpaka ukatembea. Halafu baba yako akashindwa. Kila likiitwa uani anageuka."

Hakukataza, Mama anasema. Aliacha tu kulitamka, na wengine nao wakaacha. Firauni Thutmose wa Tatu ilibidi atume watu na patasi kulichonga jina la Hatshepsut, yule firauni mwanamke, litoke kwenye kuta, na huyo naye alikuwa shangazi yake, tena mama yake wa kambo. Baba yangu alinyamaza tu, na kazi ikaisha.

Nilikaa jikoni nikalitamka mara moja, taratibu, taa imezimwa. Nilitegemea kulia, nikajikuta natabasamu kama mtu aliyeokota noti kwenye koti la zamani. Kuna mtu alinijua kwa sauti ya kulia kwangu, akapekua ukoo mzima hadi akanipata. Siku tano nilikuwa naomboleza kitu ambacho ninacho. Humu siliandiki. Isis naye huenda anasoma.

Leo asubuhi nikajikaza nikamuuliza. Alikuwa na kitumbua mdomoni (ameshamsamehe Khufu).

"Baba, ile siku uliposema ndiyo maana, ulikuwa na maana gani?"

Akatafuna, akafikiri. "Aa. Ndiyo maana ukiitwa mpaka mara tatu ndiyo unaitika."

Nikacheka hadi chai ikamwagika. Akauliza leo tutasoma sura ngapi, kwa sababu Bes, yule mungu kibeti anayempenda, ameingia pamoja na Carter na Sadie kwenye kamari na Khonsu, mungu wa mwezi, wakaweka majina yao ya siri rehani, na anaona kabisa mambo yataharibika. Mimi nimeshachungulia mbele. Yanaharibika. Sijui nitamsomeaje hapo.

Mawingu yamefunga tangu saa kumi, na mfuniko wa chemba bado ni ule ubao. Fundi alisema atakuja Jumanne. Hakusema Jumanne ipi.