Springi ya kochi kuukuu ilivyonifundishia momenta

Nafundisha fizikia kidato cha pili hapa Mbeya, na maabara yetu haina vigari vya majaribio. Mwenzangu mmoja alinishauri niandike ubaoni fomula ya momenta (kilo za kitu mara kasi yake, pamoja na upande kinakoelekea), watoto wakariri, tusonge mbele. Niliudhika kweli. Mtoto aliyekariri tu anaona vitu vilivyotulia vikirukiana mbali, anaamini mlipuko umezalisha momenta kutoka hewani.

Nikaenda kwa mafundi pikipiki wa Mwanjelwa, nikapata beringi chakavu nane kwa bei kama ya soda mbili hivi. Seremala wa mtaani akanipa vipande vya mbao, na springi ya kochi aliyokuwa anaitupa. Nikaunda vigari viwili, springi nikaipigilia kwenye kimoja, kisha nikavijazia kokoto mpaka kila kimoja kikasoma kilo 1 kwenye mizani ya dukani.

Vinabanwa pamoja kwa uzi, springi ikiwa imeshindiliwa katikati. Uzi usiukate kwa mkasi. Mkono unakisukuma kigari kimoja bila wewe kujua. Uchome kwa kiberiti.

Kigari kimoja nikakipakia paketi ya sukari ya kilo 1, sasa kina kilo 2. Chepesi kinapaswa kwenda kwa kasi mara mbili ya kizito, ili momenta za pande mbili zifutane na jumla ibaki sifuri kama mwanzo. Nikaambiwa tena na mjuzi: pima tu vinaposimama. Nikapima sakafuni jioni nzima. Kizito kilisimama kwenye mita moja, chepesi kikaenda karibu nne! Nikarudia, nikapaka beringi mafuta, nikaweka gololi kuona kama sakafu ina mteremko. Bado nne. Usiku kitandani ndipo nikagundua: msuguano ukipunguza kasi ya vigari vyote kwa kiwango kilekile, umbali wa kusimama hufuata kasi kwa kipeo cha pili. Mara mbili ya kasi, mara nne ya umbali. Vigari vilikuwa sahihi siku zote. Kibovu kilikuwa kile kipimo.

Kesho yake sikupima kasi kabisa. Niliweka kibao sentimita 60 mbele ya chepesi, kingine sentimita 30 mbele ya kizito, umbali ukianzia kwenye pua ya kigari. Vibao viwe karibu, msuguano usipate nafasi ya kula kasi. Nikachoma uzi. Ko! Mlio mmoja: chepesi kimekwenda umbali mara mbili kwa muda uleule. Darasa zima likasimama.

Mgongano ni rahisi zaidi: bandika donge la unga wa ngano uliokandwa mbele ya kigari kilichosimama, sukuma kingine kikigonge, vinaganda, vinaondoka pamoja kwa nusu ya kasi ya kile kilichogonga kama uzito ni sawa.

Lakini walitaka mlipuko tu. Mvulana wa nyuma, ambaye huwa hasemi, alikuja akaongeza paketi ya pili ya sukari. Kabla sijafungua mdomo, akakisogeza kibao cha upande mzito kutoka 30 hadi 20, akaniomba kiberiti. Ko! Mmoja tena.