Mashimo 18 au 9?

Kikao cha baraza kuhusu uwanja wetu wa gofu wa manispaa kimeisha jioni hii. Hakuna uamuzi.

Wengi wanataka ada ipande. Jamani, wachezaji wamekimbia grini mbovu (zile sehemu za nyasi fupi kuzunguka shimo), si bei!

Grini hukatwa karibu kila siku, nyasi zibaki milimita 4 au 5. Kisu kikiwa butu hakikati, kinachana. Mvua ikinyesha, ugonjwa wa ukungu unaingia palepale.

Chuma jani moja ulitazame: ncha nyeupe, imechanikachanika kama uzi wa gunia.

Tubaki na mashimo 9. Mafuta, mbolea na vibarua tuvielekeze huko. Anayetaka 18 azunguke mara mbili. Mapato yawe na akaunti yake.

Ila kukodisha ardhi ya uwanja kwa miaka 49, hapana.

Ndugu wa Jinja, Entebbe, Mbale, mnaonaje?