Nilipoacha kulala nimeketi

Omeprazole, vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo, ilinisaidia miaka mingi, sikatai. Moto wa kifuani ulipungua. Lakini yale maji machungu yaliendelea kupanda hata bila moto, nikiinama kufunga viatu au nikijilaza tu. Saa nane za usiku nashtuka yamefika kooni, nakohoa mpaka jirani anagonga ukuta wa mbao. Basi nikawa nalala nimeketi, mgongo ukutani. Kadutu nzima, mtaa wetu wa Bukavu, ilikuwa na dawa yake: maziwa, majivu, ndizi, maombi. Yaya, dada yangu mkubwa, ndiye aliyechoka kunitazama, akanipeleka kwa daktari wa upasuaji.

Walikuwa wameshanimezesha mpira wenye kamera, wakakuta umio, ile njia ya chakula, una vidonda upande wa chini, na kipande cha tumbo kimepenya tundu la kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kikapanda kifuani. Daktari hakutafuta picha ya kutuonyesha. Alimwomba yaya kikwembe chake cha juu, akakizungusha kwenye kifundo cha mkono wake na kukivuta.

"Tunateremsha tumbo, tunashona lile tundu libaki dogo. Halafu sehemu ya juu ya tumbo tunaipitisha nyuma ya umio hivi, tunaishona mbele. Tumbo likijaa, linabana mlango wenyewe."

Alisema ni njia ya upasuaji iliyoelezwa na Mjerumani Rudolf Nissen mwaka 1956, na kwamba mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Liège, Ubelgiji, alitoa taarifa ya kuifanya kwa vitundu na kamera, bila kupasua tumbo zima.

"Dokta, na kucheua je?" yaya akauliza. Mimi nilidhani anatania.

"Papa huyu atapata shida ya kucheua, na ya kutapika pia. Hewa itatafuta njia ya chini."

Tulicheka sana siku ile.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, bega liliuma kuliko tumbo. Nesi akasema ni ile hewa waliyonijaza ili kamera ipate nafasi. Usiku akaanza kushusha kitanda, nikamshika mkono. "Papa, lala tu." Nikalala chali. Jenereta inanguruma nje, taa ya koridoni inawaka, nami niko macho nasubiri yapande. Usingizi wenyewe sikuutaka. Hayakupanda. Kulipokucha mdomo ulikuwa mkavu, hauna uchachu wowote.

Kula ndiko kulikokuwa kazi. Kwa wiki kadhaa nilikunywa supu na uji wa sosoma, unga wa soya, mtama na mahindi, na hata uji ulisita kifuani kabla ya kushuka, kwa sababu mahali waliposhona palikuwa bado pamevimba. Bugali lilikuja mwisho, matonge madogo ya mtoto, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizotafunwa hadi zikapoteza ladha. Kikohozi nacho kilichelewa. Kilipungua polepole, wakati maji machungu yalikoma siku ileile.

Daktari alishatuambia kwamba wapo wanaorudia vidonge baada ya miaka. Mimi bado. Bia ya Primus ndiyo niliyoiaga: glasi moja, tumbo linavimba hadi mkanda unauma, hewa imegoma kutoka juu. Nikipewa nafasi ya kuchagua tena, nitachagua vilevile. Shemeki yangu ana maoni tofauti. Siku hizi akinialika ananiwekea kiti karibu na dirisha.