Vanila Uani kwa Bibi

Mwaka 2010, mafundi walipomaliza kuupaka chokaa upya uwanda wa ndani wa nyumba ya bibi yangu, Kiponda, Mji Mkongwe, shangazi alikuwa amekuja likizo kutoka Maskati, na akashikilia kwamba kazi ile haikuwa imekamilika mpaka uani patiwe mimea isiyoonekana katika nyumba za majirani. Mrehani wa kwenye madebe na asumini ulioparamia ukuta aliviona ni vitu vya kila nyumba. Alitaka pia mama yake na sisi wajukuu tujipe raha mwisho wa wiki ule kwa gharama yake, na bibi, ambaye kwa kawaida hakupenda kutolewa nje, safari ile alikubali bila ya kubembelezwa.

Ijumaa baada ya Magharibi tulikwenda Forodhani, ambako bustani ilikuwa imefunguliwa upya mwaka uliotangulia baada ya matengenezo makubwa. Tulimtafutia bibi kiti cha kuelekea baharini, tukampelekea bakuli lake la urojo lenye kachori, bhajia na chipsi za muhogo juu yake, na bilauri ya juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Mazungumzo yalikuwa matamu kuliko chakula. Shangazi alieleza mimea ya majani mapana aliyoiona katika hoteli za Maskati, naye bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mti usionukia wala usioingia chunguni, mimi wa nini uani kwangu?" Hapo mjadala ulikwisha, na ikaamuliwa kwamba kesho yake twende mashamba ya viungo.

Jumamosi asubuhi tulipanda gari hadi Kizimbani, tukiwa tumebeba chupa ya chai na mkate wa kumimina, na mzee mwenye shamba akatupokea kwa adabu nyingi, akimwita bibi "Bi mkubwa" na kumpunguzia mwendo kila penye mizizi. Kitu cha kwanza kilichonishangaza kilikuwa mwiliki, kwa sababu nilitazamia kuziona iliki juu, kwenye majani marefu, kumbe vikonyo vyake vinachomoza chini kabisa, shinani, na iliki zinalala karibu na udongo. Halafu mzee akachuma tunda la mzingefuri, lenye miiba laini isiyochoma, akalipasua na kusugua mbegu zake kwenye kiganja cha shangazi, kikawa chekundu mara moja. Bibi alisema kwamba rangi ile ndiyo inayofaa kutiwa katika chakula, wala si ya unga wa dukani.

Mlangilangi ulimtia majaribuni. Alisimama chini yake muda mrefu, akanusa maua yake ya kimanjano yenye petali ndefu zilizolegea, lakini mzee alimwambia ukweli, jambo ambalo muuzaji mwingine asingelifanya: mlangilangi ni mti mkubwa, na ukifungiwa chunguni utadhoofika. Bibi akaridhika na maua ya kutia kwenye kanga zake kabatini, na sisi tukapita.

Vanila ndiyo iliyotuweka hapo mpaka jua likawa kali. Ni mmea utambaao, wa jamii ya okidi, asili yake Meksiko na nchi za jirani, na huku kwetu hauzai kitu usipoingiliwa na mkono wa mtu. Tulibahatika kukuta ua moja limechanua, nalo huchanua asubuhi moja tu na mchana huanza kunyauka. Mzee alichukua kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno, akalichana ua ubavuni, akauinua ule utando mdogo unaotenga sehemu ya kiume na ya kike, kisha akazibana kwa kidole gumba, taratibu, mara moja. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, akiwa na umri wa miaka 12, na mpaka leo kilimo cha vanila duniani kinategemea kidole gumba kama chake. Nasikitika kila ninapokumbuka kwamba mtoto huyo alikuja kufa maskini ukubwani. Bibi aliomba kurudia kuonyeshwa kwenye ua lililokwisha kunyauka, kisha akasema, "Tukatie huu."

Jumapili, wakati biriani ikiwa motoni, tulipanda. Mzingefuri tuliuweka katikati, ambako jua hushuka wima mchana, na tukakusudia kuukata vilele ili usirefuke. Mwiliki ulikwenda pembeni karibu na birika, kwenye kivuli na unyevu. Kwa ajili ya vanila shangazi alinunua mtungi mkubwa wa udongo, tukasimamisha ndani yake kipande cha boriti ya mkoko kilichozungushiwa makumbi ya nazi, tukatia majani yaliyooza na samadi kidogo, na bibi mwenyewe akaufunga mche kwa ukindu, bila kuubana, akiwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi.

Mwiliki ulitoa majani mazuri lakini haukuzaa. Mzingefuri ulizaa mapema, na mchuzi wa bibi ukabadilika rangi. Vanila ilitambaa tu kwa miaka kadhaa, na maua ya kwanza yalipokuja, bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu, aliniita alfajiri nifanye kama alivyofanya mzee wa Kizimbani. Nilitumia mwiba wa mdimu. Maganda yalikaa kwenye mmea kiasi cha miezi tisa, tukayachovya katika maji ya moto, tukayafunika kwa blanketi, tukayaanika kidogo kidogo mpaka yakawa meusi na yenye kunata. Shangazi alipopiga simu kutoka Maskati siku ya Idi, hata salamu hazijamalizika, bibi alikwishamwambia kwamba kastadi ya mwaka ule imetiwa vanila ya uani.